Baiskeli ya umeme ikikataa kukusaidia, anzia kwa vitu vidogo

Umefika katikati ya mwinuko. Nyuma umefunga mitungi miwili ya maziwa, na ghafla mguu unakuwa mzito. Skrini bado inawaka, betri inaonyesha ina chaji, lakini mota imenyamaza. Unakanyaga pedali hadi jasho linakutoka, kisha unashuka na kusukuma. Ukifika, mteja amekwisha kununua kwingine.

Kwa anayetafuta riziki kwa baiskeli ya umeme, hasara ya asubuhi hiyo inaweza kuwa ndogo kuliko inayofuata. Akimwona fundi asiyeizoea baiskeli ya aina hii, huenda akaambiwa mara moja kuwa betri imekufa au mota imeungua. Hivyo ni miongoni mwa vipuri vya bei ya juu zaidi kwenye baiskeli nzima. Lakini skrini ikiwa inawaka na betri ina chaji, mara nyingi kasoro iko kwenye kitu kidogo: sumaku iliyosogea, waya uliolegea au swichi ya breki iliyokwama. Makala haya yanaeleza jinsi ya kuvikagua kimoja baada ya kingine kabla ya kutoa pesa.

Mota hupokea amri kutoka wapi?

Baiskeli nyingi za umeme zina mota katikati ya gurudumu. Mota hiyo haijui kwamba unakanyaga pedali. Ni lazima iambiwe. Kwenye ekseli ya pedali kuna kisahani cha plastiki chenye sumaku ndogo zilizopangwa kwa duara. Kando yake, kwenye fremu, kuna kifaa kidogo kiitwacho kihisi. Kila sumaku inapopita, kihisi hutuma ishara kwa kidhibiti, yaani kisanduku kinachogawa nguvu za betri. Kidhibiti kikipata ishara zinazofuatana, huruhusu mota izunguke. Ishara zikikoma, hukata umeme.

Amri ya pili hutoka kwenye breki. Baiskeli nyingi zina swichi ndani ya mkono wa breki. Ukibana breki hata kidogo, mota hukatwa papo hapo, uwe unakanyaga pedali au hukanyagi. Amri hii ina nguvu kuliko nyingine zote, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

Kwa hiyo mota iliyonyamaza si lazima iwe imeharibika. Huenda haijaambiwa ifanye kazi, au imeambiwa isimame.

Je, kweli ni hitilafu?

Kwanza, hakikisha kiwango cha msaada kwenye skrini hakiko kwenye 0. Mikoba na mifuko inayoning'inia kwenye usukani hubonyeza vitufe bila mtu kujua.

Pili, tazama mwendo. Baiskeli nyingi zimepangwa kiwandani ziache kusaidia zikifika kilomita 25 kwa saa, kiwango kinachotumika katika nchi za Umoja wa Ulaya. Ikiwa mota hunyamaza kwenye mteremko tu na kurudi mwendo ukipungua, baiskeli yako ni nzima.

Tatu, ikiwa baiskeli yako ni ya aina ambayo mota huongeza nguvu kadiri unavyokanyaga kwa nguvu, iwashe bila kuweka mguu kwenye pedali. Kihisi chake hujipima kila inapowashwa. Kikikuta uzito wa mguu, huweza kuuchukulia kuwa ndio sifuri, na msaada utakuwa hafifu safari nzima. Zima, ondoa miguu, kisha washa upya.

Hatua saba za kukagua

Vifaa unavyohitaji ni kitambaa kikavu, mswaki wa zamani, bisibisi, spana na tochi. Kabla ya kuchomoa waya wowote, zima baiskeli na utoe betri. Ukijaribu gurudumu likiwa limeinuliwa, weka vidole, leso na watoto mbali nalo.

1. Zima, subiri kidogo, washa tena. Skrini ikionyesha namba ya hitilafu, iandike au ipige picha, kisha itafute kwenye kitabu kilichokuja na baiskeli. Namba hizi hutofautiana kutoka kampuni moja hadi nyingine, kwa hivyo usitegemee maana uliyoambiwa kuhusu baiskeli ya mwingine.

2. Kagua breki. Achilia breki zote mbili, kisha sukuma kila mkono wa breki kwa nje kwa kidole. Mota ikirudi, umepata tatizo: mkono haurudi hadi mwisho, na swichi inadhani bado umefunga breki. Chanzo huwa ni vumbi, kebo iliyokauka, breki iliyokazwa kupita kiasi, au mkono uliopinda baiskeli ilipoanguka. Safisha, tia mafuta kidogo na ulegeze kebo, ila hakikisha breki bado inashika. Kama taa ya nyuma ya breki huwaka wakati hujafunga breki, hiyo nayo ni dalili ya jambo hilohilo.

3. Jaribu kishikio cha kuongeza mwendo. Baadhi ya baiskeli zina kishikio cha kuzungusha kama cha pikipiki, au kitufe cha kidole gumba. Inua gurudumu lenye mota na ukijaribu. Gurudumu likizunguka kwa kishikio lakini halizunguki kwa pedali, basi betri, kidhibiti na mota vinafanya kazi. Tatizo liko upande wa pedali. Jaribio hili la dakika moja linaweza kukuepusha kununua mota usiyoihitaji. Kumbuka kwamba baadhi ya baiskeli zimepangwa kishikio kikubali tu baada ya gurudumu kuanza kutembea.

4. Kagua kisahani cha sumaku na kihisi. Hapa ndipo matope ya msimu wa mvua hukusanyika. Safisha kwa mswaki na kitambaa. Zungusha pedali polepole na utazame kwa tochi: je, kuna sumaku iliyodondoka? Je, kisahani kinayumba au kimesogea mbali na kihisi? Nafasi kati yao inapaswa kuwa milimita chache tu, bila kugusana. Kama kimesogea, kirudishe taratibu na ukaze. Ikiwa tatizo lilianza baada ya fundi kubadilisha bearingi au ekseli ya pedali, huenda kisahani kimerudishwa kikiwa kimegeuzwa. Dalili yake ni mota kushtuka unapozungusha pedali kinyumenyume.

5. Kagua viungo vya waya. Fuata waya kutoka kwenye kihisi, mikono ya breki, skrini na mota. Viungo vingi vina mishale miwili midogo inayopaswa kutazamana. Vuta moja kwa moja bila kuzungusha, maana vipini vya ndani hupinda kwa urahisi. Ukiona maji au kutu ya kijani, kausha na usafishe, kisha rudisha kiungo hadi kikae sawasawa. Kagua kwa makini zaidi waya unaoingia kwenye ekseli ya gurudumu lenye mota. Ikiwa matatizo yalianza siku uliyoziba pancha ya gurudumu hilo, waya huo ndio wa kwanza kushukiwa. Huenda haukurudishwa hadi mwisho, umebanwa na nati, au umejikunja ekseli ilipozunguka kwa sababu nati hazikukazwa vizuri.

6. Kagua sumaku ya spoku. Baadhi ya baiskeli hupima mwendo kwa sumaku iliyofungwa kwenye spoku, inayopita karibu na kihisi kilicho kwenye fremu. Ikisogea, skrini husoma sifuri hata unapotembea, na baadhi ya mota husaidia kwa muda mfupi tu kisha hukata. Irudishe mahali pake na uikaze.

7. Malizia kwa betri. Kama skrini huzimika pamoja na mota, hasa kwenye mashimo, shuku zaidi betri na viungo vyake kuliko kihisi cha pedali. Hakikisha betri imeingia hadi mwisho na imefungwa kwa ufunguo, na vyuma vyake vya kugusana ni safi. Kama vipimo vya chaji hushuka ghafla ukipanda mwinuko na kurudi ukifika tambarare, huenda betri imechoka au haikuwa imejaa. Fundi mwenye mita anaweza kuhakikisha. Betri ya lithiamu ya volti 36 ya kawaida ikijaa husoma takriban volti 42, na ya volti 48 husoma takriban 54.6. Kama imechajiwa usiku kucha na inasoma chini sana ya hapo, pima chaja kwanza. Chaja hugharimu kidogo kuliko betri.

Njia za mkato za kuepuka

*Kukata waya za swichi ya breki.* Fundi anaweza kukuambia hii ndiyo dawa ya haraka, na kweli mota itarudi. Lakini kwenye baiskeli nyingi mota huendelea kusukuma kwa muda mfupi baada ya mguu kusimama. Ukiwa na mzigo, unakaribia barabara kuu, na mtoto akatokea mbele yako, muda huo mfupi ni mrefu sana. Ni sawa kuchomoa kiungo cha swichi kwa ajili ya kujaribu, gurudumu likiwa hewani. Si sawa kwenda nayo barabarani hivyo. Badilisha swichi iliyoharibika.

*Kufungua betri.* Ndani yake kuna seli nyingi zilizounganishwa, na bisibisi ikigusa mahali pasipofaa inaweza kuwasha moto. Betri iliyovimba, inayonuka au inayopata joto isivyo kawaida isichajiwe tena wala isiwekwe ndani ya nyumba. Ikishika moto, toa watu nje kwanza, kisha piga 999 au 112.

*Kutumia chaja yoyote inayoingia.* Plagi kufanana si ushahidi kwamba volti zinafanana. Chaja ya betri ya volti 48 ikichomekwa kwenye betri ya volti 36 inaweza kusababisha moto. Usichaji betri iliyolowa, na usiichaji mlangoni mnapolala, kwa kuwa mlango huo ndio njia yenu ya kutokea.

*Kuosha kwa pampu ya kuoshea magari.* Maji yenye nguvu hupenya kwenye viungo, kidhibiti na mota. Kitambaa chenye unyevu na brashi vinatosha.

Ukifika kwa fundi

Mweleze ulichokwisha kukagua na ulichokiona: "Kishikio kinafanya kazi, pedali haifanyi," au "Ilianza baada ya pancha." Maelezo kama hayo hupunguza kazi ya kubahatisha. Akisema mota au betri imekufa, mwombe akuonyeshe alivyopima. Njia nzuri ni kujaribu kwa muda kipuri kizima cha aina ileile kabla ya kununua. Chukua risiti, na uombe urudishiwe kipuri kilichotolewa.

Kama baiskeli ni mpya, usiifungue mwenyewe zaidi ya kusafisha na kukagua, kwa sababu dhamana inaweza kupotea. Irudishe ulikoinunua. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya 2012 inamtaka muuzaji atoe bidhaa ya ubora unaokubalika. Mkishindwa kuelewana, Mahakama ya Madai Madogo husikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni 1, na unaweza kujiwakilisha mwenyewe. Risiti ndiyo itakayokutetea.

Kwa vijana walio kwenye gereji za jua kali, hii ni kazi inayokuja. Katiba ya 2010 imeweka vyuo vya ufundi vya vijijini mikononi mwa serikali za kaunti. Anayejua kuziba pancha na kusoma mita ana msingi wa kujifunza kutengeneza baiskeli hizi. Ulizia kozi za umeme katika chuo kilicho karibu nawe au katika ofisi ya msimamizi wa wadi.

Na betri iliyokufa kweli, usiitupe shimoni, usiichome na takataka, wala usimwuzie mnunuzi wa vyuma chakavu atakayeivunja kwa nyundo. Irudishe kwa muuzaji, au uipeleke kwa mkusanyaji wa taka za kielektroniki mwenye leseni ya NEMA.

Ukaguzi wa dakika tano kila wiki

Panguza matope kwenye kisahani cha sumaku. Bana na uachilie breki mara kadhaa, uone kama mikono inarudi vizuri. Tazama kama kuna waya unaosugua kwenye fremu au unaoning'inia. Kaza nati za gurudumu lenye mota. Hakikisha betri haichezi mahali pake.

Fanya hivyo jioni, kabla ya siku ya kazi. Tope kidogo kwenye mkono wa breki linatosha kuinyamazisha mota mlimani, na kuliondoa nyumbani hakuchukui muda. Hifadhi ukurasa huu pamoja na kitabu cha baiskeli yako, na umsomee jirani anayeendesha ya namna hiyo.