Novemba 25: Siku ambayo bunduki zilinyamaza Afrika Mashariki

UWANJA wa Tononoka mjini Mombasa ni mahali palipozoea umati. Hapo wanasiasa wamehutubia, wananchi wamekutana kudai haki zao, na kelele za vipaza sauti zimesikika hadi mitaa ya jirani. Si mbali na uwanja huo, katika Barabara ya Jomo Kenyatta, zimesimama sanamu za askari ambazo wapita njia wengi huzipita kila siku bila kuzitupia jicho.

Sanamu hizo ziliwekwa na Waingereza mwishoni mwa miaka ya 1920 kuwakumbuka askari wa Kiafrika na Kiarabu, pamoja na wapagazi, waliokufa katika Vita Vikuu vya Kwanza vya Dunia. Kumbukumbu za vita hivyo huadhimishwa Novemba 11 katika nchi nyingi, kwa kuwa ndiyo siku ambayo mkataba wa kusitisha mapigano ulianza kutekelezwa Ulaya mwaka 1918.

Hata hivyo, katika Afrika Mashariki vita havikumalizika siku hiyo. Majeshi ya Wajerumani yaliyokuwa yakipigana katika eneo hili yaliweka silaha chini Novemba 25, 1918, wiki mbili kamili baadaye. Tarehe hiyo hiyo imejitokeza zaidi ya mara moja katika matukio ya kijeshi yaliyounda historia ya mwambao huu, na kila mara jina la Ureno au la Ujerumani limehusika.

Goa yatekwa, Mombasa yaathirika

Tukio la kwanza lilifanyika mbali na Mombasa, ng'ambo ya Bahari ya Hindi. Novemba 25, 1510, kwa kalenda iliyotumika Ulaya wakati huo, jemadari wa Ureno, Afonso de Albuquerque, aliuteka mji wa Goa katika pwani ya magharibi ya India. Alikuwa ameuteka mapema mwaka huo, akafukuzwa, kisha akarudi na nguvu kubwa zaidi.

Kwa watu wa Mombasa, ambao mji wao ulikuwa umeporwa na kuchomwa moto na Wareno mwaka 1505, ushindi huo ulikuwa na maana kubwa kuliko ilivyoonekana. Kuanzia mwaka 1530 Goa ikawa makao makuu ya utawala wa Wareno katika Bahari ya Hindi. Ngome ya Yesu ilipoanza kujengwa mwaka 1593, amri, makapteni, fedha na baruti vilitoka Goa. Na Waarabu wa Oman walipoizingira ngome hiyo kuanzia Machi 1696, waliokuwa ndani walitazama baharini wakingoja merikebu za Goa. Baadhi zilifika, lakini hazikutosha. Ngome ilianguka Desemba 1698.

Wareno walirejea kwa muda mfupi mwaka 1728. Mwaka uliofuata watu wa Mombasa wenyewe waliinuka dhidi yao na kuwazingira ndani ya ngome. Novemba 26, 1729, Wareno walisalimu amri na kuondoka, wasirudi tena kuutawala mji huo. Ilikuwa siku moja tu baada ya kutimia miaka 219 tangu Goa itekwe.

Kuondoka huko kuliwaacha Wareno wakiwa na nguvu kusini mwa Rasi ya Delgado pekee. Mataifa ya Ulaya yalipogawana Afrika, Ujerumani na Ureno zilikubaliana mwaka 1886 kwamba Mto Ruvuma uwe mpaka wa makoloni yao. Ni katika mto huo ndipo Novemba 25 ilipojitokeza tena.

Ngomano, mwaka 1917

Vita vilipoanza mwaka 1914, hatari ilifika karibu na Mombasa mapema. Wajerumani walisonga kutoka Tanga kuelekea kaskazini wakiwa na nia ya kuukaribia mji huo wenye bandari na mwanzo wa reli ya Uganda. Walizuiwa katika maeneo ya Majoreni na Gazi, kusini mwa kisiwa. Miongoni mwa waliowazuia ni kikosi cha Waarabu wa pwani kilichoongozwa na Mwingereza Arthur Wavell, ambaye aliuawa vitani Januari 1916.

Kufikia mwishoni mwa mwaka 1917 hali ilikuwa imebadilika. Kamanda wa Wajerumani, Paul von Lettow-Vorbeck, alikuwa amesukumwa hadi ukingoni mwa Ruvuma. Chakula kilikuwa kimepungua, dawa zimekaribia kwisha na risasi hazikutosha. Aliwaacha nyuma wagonjwa na wote ambao hakuweza kuwalisha, akabaki na takriban Wazungu 300, askari wa Kiafrika 1,700 na wapagazi wapatao 3,000.

Novemba 25, 1917 alivuka mto na kuivamia kambi ya Wareno ya Ngomano, karibu na mahali ambapo mito ya Ruvuma na Lujenda inakutana. Kambi hiyo ilikuwa na askari wapatao 900, wengi wao Waafrika, chini ya Meja João Teixeira Pinto. Ilishindwa siku hiyo hiyo na Pinto mwenyewe akauawa. Wajerumani walijipatia bunduki, bombomu, chakula na robo milioni ya risasi.

Umuhimu wa Ngomano umo katika ghala hilo. Jeshi lililokuwa karibu kufa kwa njaa lilipata uhai mpya kwa siku moja. Kikosi kingine cha Wajerumani, kilichoongozwa na Kapteni Tafel, kilikosa kukutana na Lettow-Vorbeck na kikajisalimisha siku chache baadaye kwa sababu hakikuwa na chakula. Bila ushindi wa Ngomano, huenda vita vingemalizika wakati huo huo.

Mwaka mmoja wa mateso

Badala yake, vita viliendelea mwaka mmoja kamili. Wajerumani walipita Msumbiji hadi karibu na Quelimane, ambako walishinda tena huko Namacurra mwanzoni mwa Julai 1918. Kisha waligeuka kaskazini, wakarejea katika ardhi ambayo leo ni Tanzania mwezi Septemba, na hatimaye wakaingia Rhodesia Kaskazini, ambayo sasa ni Zambia.

Waliowafuata nyuma walikuwa hasa askari wa KAR, jeshi lililojulikana na wengi kwa jina la Keya. Mwaka 1914 jeshi hilo lilikuwa na batalioni tatu. Vita vilipokwisha zilikuwa 22. Kwa hiyo katika mwaka wa mwisho ilikuwa kwa kiasi kikubwa vita ya Mwafrika dhidi ya Mwafrika, kwa amri ya maafisa wa Kizungu wa pande mbili.

Mzigo mzito zaidi uliwaangukia wapagazi. Katika nchi isiyo na barabara, ambako ndorobo waliua farasi na nyumbu, kila gunia la unga na kila sanduku la risasi lilibebwa na binadamu. Wengi walichukuliwa kwa nguvu vijijini. Kikosi chao cha Waingereza kwa Kiingereza kiliitwa Carrier Corps, na ulimi wa Kiswahili ukalifanya jina hilo kuwa Kariakoo, jina ambalo limebaki hadi leo Dar es Salaam na, kwa tahajia ya Kariokor, mjini Nairobi.

Hawakuuawa zaidi na risasi. Waliuawa na kuhara damu, malaria, kichomi na njaa. Hesabu rasmi ya wapagazi waliofariki upande wa Waingereza peke yao inapita 90,000. Mwishoni mwa mwaka 1918 homa ya mafua iliyoikumba dunia nzima iliongeza vifo kwa wote waliosalia.

Abercorn, mwaka 1918

Habari za amani zilichelewa kufika porini. Novemba 12, siku moja baada ya bunduki kunyamaza Ulaya, mapigano yalikuwa bado yanaendelea karibu na Kasama. Lettow-Vorbeck alipata taarifa siku iliyofuata, akakubali kusitisha vita, kisha akalipeleka jeshi lake hadi Abercorn, mji ambao leo unaitwa Mbala.

Hapo, Novemba 25, 1918, mwaka mmoja kamili tangu Ngomano, alijisalimisha mbele ya Brigedia Jenerali Edwards. Alikuwa na Wazungu 155, askari wa Kiafrika 1,168 na wapagazi zaidi ya 1,500, pamoja na wanawake waliofuatana na msafara huo.

Lettow-Vorbeck alirudi Ujerumani na kupokewa kama shujaa. Askari wake wa Kiafrika walisubiri miongo mingi: ni mwaka 1964, alipofariki, ndipo serikali ya Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa wachache waliokuwa hai. Kwa upande wa Waingereza, ujira wa wapagazi wengi waliofariki haukuwafikia jamaa zao.

Sanamu zisizo na majina

Suala la kumbukumbu halijaisha. Aprili 2021, tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilichapisha ripoti iliyokiri kwamba marehemu wasiopungua 116,000 wa Vita Vikuu vya Kwanza, wengi wao kutoka Afrika na Mashariki ya Kati, hawakukumbukwa kwa majina, au pengine hawakukumbukwa kabisa. Tume ilieleza kuwa idadi hiyo huenda ikafika 350,000, na ikaomba radhi.

Ripoti hiyo inaeleza kile ambacho mtu yeyote anaweza kukiona akisimama mbele ya sanamu za Barabara ya Jomo Kenyatta. Askari mzungu aliyekufa katika vita hivyo ana jiwe lenye jina, cheo na tarehe. Mpagazi aliyetolewa kijijini Nyanza, Ukambani au Pwani amewekewa shukrani ya jumla ndani ya maandishi machache yanayowahusu wote kwa pamoja.

Tarehe peke yake haina nguvu ya kuleta vita wala amani. Kurudi kwa Novemba 25 katika miaka ya 1510, 1917 na 1918 ni sadfa. Lakini kuchagua tarehe ya kukumbuka si sadfa. Novemba 11 ni tarehe ya Ulaya. Ikiwa watu wa Mombasa na Afrika Mashariki wataamua siku moja kuwakumbuka wapagazi na askari wao kwa siku ambayo mizigo ilishushwa kweli mabegani, kalenda inayo tayari. Kazi itakayobaki ni kuyatafuta majina.