Ndama Anahara: Sababu, Dalili na Nini Ufanye Kabla Hujampoteza

Msimu wa mvua simu yangu haipumziki, na swali ni lilelile: "Afisa, ndama wangu anahara, nimchome OTC?" Kabla hujakimbilia sindano, soma hapa. Ndama jike wa leo ndiye ng'ombe wako wa maziwa wa kesho, akifa umepoteza zaidi ya ndama.

Kinachoua ni nini?

Ni kuishiwa maji na chumvi mwilini. Ndama wa kilo 40 akipoteza maji asilimia 8 ya uzito wake, hizo ni zaidi ya lita 3. Akivuka asilimia 12, kumwokoa bila dripu ni kazi ngumu.

Sababu kwa umri

Umri unakupa picha tu, maana vimelea viwili vitatu huweza kuingia kwa pamoja.

- Siku 1 hadi 5: bakteria E. koli. Kinyesi ni majimaji ya njano au meupe, na ndama anaweza kufa haraka sana.
- Siku 5 hadi wiki 3: virusi vya rota na korona (siyo ile ya UVIKO-19), pamoja na kriptosporidia.
- Wiki 2 na kuendelea: salmonela. Homa, harufu kali, wakati mwingine damu.
- Wiki 3 na kuendelea: koksidia. Kinyesi chenye damu na ndama anajikamua.

Sasa unaona kwa nini OTC siyo jibu la kila kuhara. Haiui virusi, haiui kriptosporidia, wala hairudishi maji yaliyopotea.

Mpime hivi

Finya ngozi ya shingo kisha achia. Ikichelewa kurudi, maji yamepungua. Angalia macho kama yamezama. Mtie kidole mdomoni (nawa kabla na baada): asiponyonya na mdomo ukiwa wa baridi, hali ni mbaya.

Cha kufanya

1. Mtenge, mweke pakavu penye joto.
2. Mpe maji ya chumvi chumvi: lita 1 ya maji yaliyochemshwa na kupoa hadi uvuguvugu, sukari vijiko vya chai 6 na chumvi nusu kijiko, vyote vya kusawazisha. Chumvi ikizidi inadhuru. Mpe lita 2, mara 2 hadi 3 kwa siku. Haya ni ya dharura. Duka la dawa za mifugo lina pakiti bora zaidi.
3. Usimkatie maziwa. Ndiyo chakula chake. Mpe kidogo kidogo, saa tofauti na yale maji.
4. Asiponyonya, usimmiminie kwa nguvu, yataingia kwenye mapafu. Akiwa hivyo, au amelala hainuki, ana homa au damu, ita daktari wa mifugo siku hiyohiyo. Yeye ndiye aamue dawa.

Kinga ndiyo faida yako

Dang'a ni chanjo ya kwanza. Ndama hazaliwi na kinga mwilini, na utumbo wake hufunga mlango wa kuipokea baada ya saa 24 hivi. Mpe lita 2 ndani ya saa 2 za kwanza, na jumla ifike lita 4 ndani ya saa 12. Usiikamue ukaimwaga!

Chovya kitovu kwenye iodini, matandiko yawe makavu, osha ndoo kila baada ya kunywesha, usichanganye ndama wa umri tofauti. Lisha wazima kwanza, mgonjwa mwisho.

Na wewe je?

Salmonela na kriptosporidia huwapata watu pia. Nawa kwa sabuni, watoto wadogo wasiingie banda la mgonjwa, na maziwa ya nyumbani yachemshwe.

Kabla ng'ombe wako mwingine hajazaa, weka iodini na pakiti mbili za maji ya chumvi bandani. Ndama anaweza kuanza kuhara usiku, na usiku duka limefungwa.