Paka, Taka, Shaka

Mwambie mtoto wa miaka minne akutajie neno linalofanana na "paka", huenda akakujibu "panya". Hajajibu ovyo. Panya na paka hawaachani katika hadithi, tena majina yao yanaanza kwa silabi moja. Hajapeleka tu sikio mwishoni mwa neno, vinakokaa vina. Na kwa mtoto wa Kiswahili hilo lina ugumu wake, maana sarufi yetu humzoesha kusikiliza mianzo: vikombe vyangu viwili vimevunjika.

Mwaka 1983, Lynette Bradley na Peter Bryant wa Oxford walichapisha katika jarida la Nature utafiti juu ya watoto wa miaka minne na mitano ambao bado hawajajua kusoma. Mtoto alitajiwa maneno machache, akaulizwa lipi halilingani na mengine kwa sauti. Waliolitambua vizuri ndio, kwa jumla, waliokuja kusoma vizuri zaidi miaka iliyofuata. Baadhi ya waliosuasua walifunzwa kupanga maneno kwa sauti, vipindi 40 katika miaka miwili. Walioongezewa herufi za plastiki waliwaacha mbali wenzao waliofunzwa kuyapanga kwa maana. Wapo wataalamu waliobisha baadaye, wakisema kutambua sauti mojamoja kuna uzito kuliko vina, na tusisahau kwamba watoto hao walikuwa wakipambana na tahajia ya Kiingereza. Kwetu neno huandikwa kama linavyotamkwa.

Kwa hiyo mchezo tunaweza kuuazima, ila si orodha ya maneno. Kina cha Kiingereza huanzia kwenye irabu. Cha kwetu ni silabi nzima. Washairi wa kimapokeo, akiwemo Amri Abedi aliyechapisha sheria za utunzi mwaka 1954, hutosheka "paka" ikikutana na "nyoka": zote zinaishia -ka. Mtoto huenda asikubali, nami namwelewa. Mkazo wa neno uko kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na hapo "pa" na "nyo" hazielewani kabisa. Anza na paka, taka, shaka. Nyoka atakuja baadaye.

Darasani, kikapu kinatosha. Mwalimu anatoa embe, watoto wanatafuta wenzake: jembe, pembe. (Wembe utajwe tu, usiingie kikapuni.) Kisha wamsake mgeni: nazi, kazi, kuku. Anayetaka kuku apikwe kwa nazi bado anafuata maana. Acheke na wenzake, arudie. Akizuka mwingine na "bwazi", mwalimu asimsahihishe. Neno hilo halipo, na ndiyo sababu lina thamani: limetungwa na sikio peke yake. Hapo ndipo pa kuandika -zi ubaoni, chini ya nazi, kazi na hiyo bwazi, watoto waione silabi waliyokuwa wakiisikia.