Zawadi za kielektroniki katika forodha

Zawadi za kielektroniki katika forodha ni vifaa kama simujanja, kompyuta mpakato, tableti au televisheni ambavyo msafiri huingiza nchini ndani ya mizigo yake ili ampe mtu mwingine. Wasafiri wengi huamini kwamba kitu kikiitwa zawadi hakitozwi ushuru. Kwa kawaida sivyo.

Forodha hutenganisha vitu vya matumizi binafsi ya msafiri na vitu vitakavyobaki nchini. Simu anayoitumia mgeni huondoka naye, kwa hiyo haitozwi. Simu mpya iliyo ndani ya boksi, iliyokusudiwa kwa mdogo wake, ni bidhaa iliyoingizwa. Aliyepewa hakulipa kitu, lakini thamani yake si sifuri: afisa huangalia risiti, na isipokuwepo hukadiria bei mwenyewe. Ndiyo maana kutupa risiti ili kuficha bei mara nyingi humgharimu msafiri zaidi.

Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki jambo hili linaongozwa na Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya mwaka 2004. Jedwali lake la tano linamsamehe msafiri ushuru wa bidhaa zisizozidi thamani fulani, mradi awe amekaa nje ya nchi zaidi ya saa 24 na azitaje kwa afisa. Mwanzoni kiwango kilikuwa dola 300 za Marekani, na kufikia mwaka 2023 kilikuwa 500. Mwaka huo mamlaka ya mapato ya Kenya ilipowakumbusha wasafiri sheria hiyo, kulizuka malalamiko makubwa, ingawa haikuwa mpya. Viwango hubadilishwa, hivyo ni vizuri kuuliza kabla ya safari. Nchini Kenya, abiria pia hutakiwa kuandika namba ya IMEI ya simu anazoingiza kwenye fomu F88.

Kinachowashangaza wengi ni kifaa kimoja chenye bei kubwa. Katika Umoja wa Ulaya, anayewasili kwa ndege au meli kutoka nje ya Umoja anaruhusiwa bidhaa za euro 430, lakini thamani ya kitu kimoja haigawanywi. Mume na mke wakileta kompyuta ya euro 800, hawawezi kuunganisha misamaha yao. Kodi hutozwa kwenye bei yote.

Marekani ni tofauti kidogo, kwani huko zawadi ina nafasi yake kisheria. Mgeni asiye mkazi anaweza kuingiza zawadi za hadi dola 100 bila ushuru iwapo atakaa angalau saa 72 na hajautumia msamaha huo katika miezi 6 iliyotangulia. Kwa simu mpya, kiasi hicho ni kidogo.

Idadi nayo huzungumza. Simu moja huonekana zawadi. Simu kumi za aina moja huonekana biashara, hata kama kweli ni za ndugu kumi.