Mgodi Umefungwa, Zebaki Haijaondoka



Hapa Igogo hatuna mgodi. Tuna ziwa, tuna samaki, na tuna ndugu wanaokwenda Geita kutafuta dhahabu kisha wanarudi nyumbani. Ndiyo maana habari ya zebaki inatuhusu.

Wachimbaji wadogo huchanganya zebaki na mawe yaliyosagwa ili inase dhahabu. Donge linalopatikana huchomwa: zebaki hupaa kama mvuke, dhahabu hubaki. Mvuke huo haunuki, lakini hupita kwenye mapafu hadi kwenye ubongo na figo. Anayeuvuta mara kwa mara huanza kutetemeka mikono, kukosa usingizi na kusahau. Akichomea jikoni, mke na watoto wanauvuta pia.

Zebaki nyingine hubaki kwenye marudio, yaani mchanga uliokwisha kuoshwa. Mashimo yakiachwa, marudio hubaki palepale. Zebaki haiozi, na moto hauiangamizi. Mvua huisomba hadi mitoni na ziwani. Huko kwenye tope, bakteria huigeuza kuwa sumu inayoingia mwilini mwa samaki. Samaki mkubwa anayekula wenzake hukusanya nyingi kuliko dagaa. Anayeumia zaidi ni mtoto aliye tumboni, kwa kuwa ubongo wake bado unajengeka.

Je, tuache kula samaki? Hapana. Watafiti waliopima samaki wa Ziwa Victoria wamekuta wengi wao wako chini ya kiwango cha hatari. Hali hiyo tuilinde. Kule Minamata, Japani, watu waligundua ugonjwa huo mwaka 1956, wakati samaki wa ghuba yao walikuwa wamekwisha kujaa zebaki ya kiwandani. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki unaitwa kwa jina la mji huo, na Tanzania iliuridhia mwaka 2020.

Katika waraka wa Laudato si' wa mwaka 2015, Papa Francisko aliitaja zebaki ya migodi ya dhahabu kati ya majeraha wanayoachiwa maskini. Tuanzie basi nyumbani. Tusichome zebaki ndani. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto. Tusilime mboga juu ya marudio. Maji ya karibu na machimbo tusiyanywe hata yakichemshwa, kwani kuchemsha huua vijidudu, hakuondoi zebaki. Na aliyefanya kazi hiyo akiugua, amweleze daktari bila kuona aibu.

Riziki ni haki ya mchimbaji. Afya ya mwanawe ni haki pia.