Daughtry: Nafasi ya nne iliyozaa bendi

Na Mwandishi Wetu

USIKU wa Mei 10, 2006, mamilioni ya watu nchini Marekani walimwona kijana mwenye kipara akiwa amesimama jukwaani, macho yamemtoka, kama mtu aliyesikia jina lake likitajwa kwa makosa. Kijana huyo ni Chris Daughtry, ambaye mashabiki wengi walikwishampa ushindi wa mashindano ya American Idol hata kabla ya fainali. Usiku huo ndiye aliyetakiwa kufungasha virago.

Walibaki watatu: Elliott Yamin, Katharine McPhee na Taylor Hicks. Wiki mbili baadaye, Mei 24, Hicks akatangazwa mshindi. Daughtry akaingia katika kumbukumbu za mashindano hayo kama mtu wa nne.

Lakini ukiuliza leo ni nani katika kundi lile la 2006 aliyeuza albamu nyingi zaidi, jibu si mshindi. Ni huyo huyo wa nne. Na ukitaka kujua sababu, usiishie kwenye sauti yake, maana wenye sauti nzuri walikuwa wengi. Tazama alichokifanya katika wiki zile za kwanza baada ya kutolewa, pale alipoletewa bendi iliyokwisha kuwa na jina, akaikataa, akaenda kutafuta ya kwake.

Kutoka gereji hadi Denver

Daughtry alizaliwa Desemba 26, 1979, katika mji wa Roanoke Rapids, jimbo la North Carolina. Alipofika umri wa miaka 14 familia yake ilihamia Palmyra, Virginia, na huko ndiko alikoanza kushika gitaa na kuimba katika bendi za vijana.

Mwaka 2000 alimwoa Deanna, mwanamke aliyekuwa na watoto wawili. Kwa hiyo kabla hajatimiza miaka 21 alikuwa tayari baba wa familia, na muziki ukawa jambo la jioni na mwisho wa wiki. Mchana alifanya kazi kwa wauzaji wa magari, akipokea wateja walioleta magari yao kutengenezwa. Ni maisha ambayo wengi wetu tunaoishi huku ughaibuni tunayafahamu vizuri: kazi ya kulipa kodi ya nyumba upande mmoja, na ndoto upande wa pili.

Bendi yake ya wakati huo ikiitwa Absent Element. Ilitoa albamu mwaka 2005, lakini nje ya eneo lao haikufika mbali.

Mwaka huo huo kulikuwa na mashindano mengine ya televisheni, Rock Star: INXS. Bendi maarufu ya Australia, INXS, iliyompoteza mwimbaji wake Michael Hutchence mwaka 1997, ilikuwa ikitafuta mtu wa kushika nafasi yake. Daughtry alijaribu bahati yake huko na hakuchaguliwa. Aliyeshinda ni J.D. Fortune kutoka Canada. Tutarudi kwake, kwa sababu habari zake zinatusaidia kuielewa hii.

Baada ya kukosa huko, Daughtry alikwenda Denver, Colorado, kwenye usaili wa American Idol. Jaji Simon Cowell alimkataa. Wenzake, Randy Jackson na Paula Abdul, wakampitisha. Kwa kura mbili dhidi ya moja, maisha ya mtu yakabadilika.

Roki kwenye jukwaa la pop

Msimu ule wa tano ndio uliotazamwa kuliko misimu yote ya American Idol, kwa wastani wa watazamaji zaidi ya milioni 30. Hakuna bendi ya vijana inayoweza kununua tangazo la aina hiyo.

Hata hivyo mashindano yenyewe hayakuwa nyumba ya roki. Yalikuwa ya nyimbo za pop na sauti laini. Daughtry alishikilia aina yake, akaimba nyimbo za magitaa mazito mbele ya watazamaji ambao wengi wao hawakuwa na mazoea nazo. Hakukosa lawama. Alipouimba wimbo wa Johnny Cash kwa mtindo wa bendi ya Live, walikuwepo waliosema alipaswa kutaja mapema kwamba mtindo ule haukuwa wake.

Wimbo mmoja aliouimba ulikuwa wa bendi ya Fuel. Wakati huo Fuel ilikuwa haina mwimbaji, kwani Brett Scallions alikuwa ameondoka. Daughtry alipotolewa mashindanoni, Fuel wakamwita waziwazi: njoo uwe mwimbaji wetu.

Fikiria hali hiyo, msomaji. Mtu ametoka kukataliwa mbele ya nchi nzima. Ana mke na watoto. Mbele yake kuna bendi yenye jina, yenye nyimbo zinazojulikana redioni, na yenye nafasi wazi. Akasema hapana.

Kiti cha mtu mwingine

Uamuzi huo ulionekana kama kiburi. Lakini hebu tutazame yaliyowapata wale waliokubali viti vya namna hiyo.

Fuel walimchukua mwimbaji mwingine, Toryn Green, wakatoa naye albamu mwaka 2007. Hakudumu. Kufikia mwaka 2010 Scallions alikuwa amerejea kwenye nafasi yake ya zamani.

J.D. Fortune naye alirekodi albamu ya Switch na INXS mwishoni mwa 2005, akazunguka nayo dunia. Mwaka 2009 alisema kwenye televisheni ya Canada kwamba aliachwa uwanja wa ndege wa Hong Kong, akapewa mkono wa kwaheri basi, na kwamba maisha yalimrudisha kulala ndani ya gari. Upande wa bendi ulikanusha kwamba alifukuzwa kwa namna hiyo, na baadaye aliimba nao tena kwa muda. Mwaka 2011 nafasi yake ikachukuliwa na Ciaran Gribbin wa Ireland Kaskazini, na mwaka 2012 INXS wakatangaza mwisho wa maonyesho yao.

Hapo ndipo utakapoona kwamba kukosa nafasi kwenye Rock Star hakukuwa hasara kwa Daughtry. Kiti cha marehemu ni kizito. Kila anayekikalia hupimwa kwa kivuli cha aliyeondoka.

Albamu kwanza, bendi baadaye

Miezi michache baada ya kutolewa, Daughtry alisaini mkataba na kampuni ya RCA, iliyokuwa chini ya mkongwe wa biashara ya muziki, Clive Davis. Hakutaka kutoka kama mwimbaji wa peke yake. Alitaka bendi. Lakini bendi haikuwepo, na kampuni haikuwa na subira. Ilitaka albamu sokoni wakati watu bado wanalikumbuka jina.

Ikabidi mambo yaende kinyume. Albamu ilirekodiwa na mtayarishaji Howard Benson kwa kutumia wapigaji wa kukodi, watu hodari wa studio wanaoingia, wanapiga, wanalipwa na kuondoka. Hata Slash, aliyewahi kung'ara na Guns N' Roses, alipiga gitaa katika wimbo mmoja. Wanabendi wenyewe, wakiwemo wapiga gitaa Josh Steely na Jeremy Brady, mpiga besi Josh Paul na mpiga ngoma Joey Barnes, ndio waliokwenda jukwaani kuzipiga nyimbo hizo mbele ya watu. Januari 2007 Brady alitoka na Brian Craddock akaingia.

Bendi ikapewa jina la Daughtry, yaani ukoo wa mwimbaji. Kibiashara ilieleweka, kwani jina hilo lilikuwa limesikika sebuleni kwa watu miezi kadhaa. Lakini lilileta mzigo wake. Kwa miaka mingi mashabiki wamekuwa wakiuliza: Daughtry ni mtu au ni bendi?

Namba zilizowanyamazisha wengi

Albamu ilitoka Novemba 21, 2006. Wiki ya kwanza iliuza nakala 304,000 na kushika nafasi ya pili kwenye chati ya Billboard, nyuma ya Jay-Z. Haikuanguka kama zinavyoanguka albamu nyingi baada ya wiki ya kwanza. Ilipanda, na mwanzoni mwa 2007 ikafika kileleni. Mwaka huo ulipokwisha, Billboard iliitaja kuwa albamu iliyoongoza mwaka mzima Marekani. Kwa jumla zilitoka nakala zaidi ya milioni 4 katika nchi hiyo, na bendi ikateuliwa kuwania tuzo nne za Grammy.

Kibao cha It's Not Over kilifika nafasi ya nne kwenye chati ya nyimbo 100 bora, na Home kikafika ya tano. Hicho cha pili kina kisa chake. Mwaka 2007 American Idol ilikichagua kiwe wimbo wa kuwaaga washiriki waliotolewa. Kila wiki mshiriki alipoangua kilio na kurudi kwao, aliagwa kwa sauti ya mtu aliyetolewa mwaka mmoja kabla yake.

Na Home aliuandika yeye mwenyewe. Hili si jambo dogo. Kwa utaratibu wa Marekani, redio za kawaida humlipa mtunzi wa wimbo, si mwimbaji. Mshiriki anayeimba nyimbo alizopewa na kampuni hubaki na makofi, na fedha za redio huenda kwa mwingine. Daughtry alishiriki kutunga sehemu kubwa ya nyimbo zake.

Wakati huo mshindi, Taylor Hicks, naye alitoa albamu Desemba 2006. Ilianza vizuri, kisha ikashuka haraka, na Januari 2008 ikajulikana kwamba yeye na kampuni yake wameachana. Hicks hakuacha kazi ya jukwaa. Mwaka huo huo aliigiza katika Grease huko Broadway. Lakini taji halikumfanyia lile alilotarajia.

Bendi yakomaa, soko labadilika

Julai 2009 ilitoka albamu ya pili, Leave This Town. Hii ndiyo ya kwanza kurekodiwa na wanabendi wenyewe, na ikaingia moja kwa moja nafasi ya kwanza. Kwa maana hiyo unaweza kusema bendi ya Daughtry ilizaliwa rasmi miaka mitatu baada ya jina lake.

Baada ya hapo mteremko ulianza taratibu. Mpiga ngoma Barnes aliondoka mwaka 2010. Break the Spell ya 2011, Baptized ya 2013 na Cage to Rattle ya 2018 zote ziliingia kumi bora katika wiki zao za kwanza, lakini zama za kuuza mamilioni ya CD zilikuwa zimekwisha, na roki yenyewe ilikuwa ikisukumwa pembeni na redio kubwa.

Mwaka 2019 Daughtry alirudi kwenye televisheni, safari hii akiwa amefunikwa uso. Katika The Masked Singer aliimba ndani ya kinyago cha mbwa aina ya Rottweiler. Bila jina lake wala sura yake, alifika hadi nafasi ya pili.

Kisha bendi ikaachana na RCA. Septemba 2021 ilitoa albamu ya Dearly Beloved kupitia lebo yake yenyewe, Dogtree Records. Craddock, yule aliyeingia 2007, alikuwa bado yumo.

Novemba mwaka huo msiba ulibisha hodi mara mbili ndani ya siku chache. Mama yake mzazi alifariki kwa saratani. Kabla machozi hayajakauka, akafariki binti wa mkewe, ambaye alimlea tangu utotoni. Maonyesho yaliyokuwa yamepangwa yakaahirishwa. Mwaka uliofuata alirudi jukwaani, na mwaka 2024 bendi ikatoa sehemu ya kwanza ya Shock to the System, yenye sauti nzito kuliko kazi zao za miaka ya karibuni.

Somo kwa wanaopanga foleni

Mwaka ule ule wa 2006, Nairobi ilikuwa na Tusker Project Fame yake ya kwanza, na Tanzania ikawa na Bongo Star Search. Vijana wetu bado hupanga foleni tangu alfajiri kwenye usaili wa aina hiyo, na kila msimu yupo anayelia kwa sababu kura hazikutosha.

Habari za Daughtry hazisemi kwamba kushindwa ni heri. Wapo wengi walioshika nafasi ya nne na hakuna anayewakumbuka. Zinachosema ni kwamba televisheni humpa mtu macho ya watu kwa msimu mmoja tu. Watunzi, wapigaji, na watu wa kupanda nao basi la safari mwaka wa tano na wa kumi, lazima awatafute mwenyewe, tena upesi, kabla macho hayo hayajahamia kwa mwingine.

Simon Cowell alisema hapana kule Denver. Wapiga kura nao wakasema hapana mwezi Mei. Lakini hapana iliyojenga bendi hii ni ile aliyoisema Daughtry mwenyewe, alipoletewa kiti kilichokuwa bado na joto la mwenyewe.