Kijana Wako Ana Miaka Mingapi?
Mama mmoja alitujia analia: kijana wake wa miaka 16 alishikwa kwa wizi, na kule stesheni akaandikwa 19. Si kosa dogo hilo. Kwa Sheria ya Watoto ya 2022, aliye chini ya miaka 12 hashtakiwi (awali ilikuwa 8 tu!), na wa chini ya 14 huhesabiwa hajui jema na baya mpaka ithibitishwe. Aliye chini ya 18 husikizwa na Korti ya Watoto, ila kesi ya mauaji ni ya Mahakama Kuu, na hafungwi jela. Basi tafuteni cheti cha kuzaliwa. Mkikikosa, njooni tuwatolee kadi ya ubatizo, hakimu aione mapema.